Siku ya Ishirini ya Mfungo wa Ézéchiel Katsuva

Mwaka mzima umetimia, Ézéchiel, tangu ile Alhamisi asubuhi ulipotutoka hapa Nyakasanza, waombezi wakiwa wamekwisha kuvaa nguo nyeupe kuja kukupaka mafuta. Jumapili ndugu yako Laurent atasimama kanisani asome tangazo fupi, kama desturi: jina lako, miaka yako hamsini na mitatu, kazi yako, na neno la Pasta. Hili refu ni lako weye. Tutalisoma kaburini, wakubwa wa nyumba peke yetu. Mjane wako Kavira hatakuwepo, tumemwambia abaki nyumbani kuangalia chungu.

Usitukasirikie mapema. Sikiliza kwanza.

Ulikuwa fundi wa mbao, na fundi mzuri, ijapokuwa wateja wako wengi walikuja kulijua jambo hilo kwa kuchelewa sana. Pale karakanani kwako mtaa wa Lumumba, kando ya barabara, mbao zako za libuyu kutoka Mambasa zililala chini ya mabati mwaka mzima, umezipanga na vijiti katikati ili upepo upite, na hakuna mtu aliyeweza kukulazimisha kuzigusa. Mama Mireille alikuagiza kitanda akiwa na mimba changa. Alikuja kukiulizia mara nne. Mara ya tano alikuja na mtoto mgongoni, akakwambia huyu kazaliwa juu ya mkeka kwa ajili yako. Ukamchukua mtoto, ukamwombea, ukamrudishia mama yake.

"Mama, hii mbao haiyakauka," ukamwambia. "Nikikupa leo itapinda, na weye utanitukana mpaka mbinguni."

Kitanda kilipotoka, kilikuwa kitanda kweli. Mpaka leo analala humo na mpaka leo analalamika.

Penseli ilikaa nyuma ya sikio lako hata siku ya Meza ya Bwana. Kabla ya kukata mbao uliweka kiganja juu yake, ukafumba macho, na mteja mgeni alidhani umesinzia. Mabenchi yote kumi na manne ya kanisa letu ni mikono yako, na siye tunayakalia bila kukumbuka. Maskini akifiwa, sanduku lilitoka kwako kabla hajaomba, na hiyo peke yake ndiyo kazi uliyofanya haraka. Uji wako wa asubuhi hukuwahi kuunywa peke yako. Yeyote aliyepita njiani uliita, hata wale uliokuwa umegombana nao jana yake, na ulikuwa unagombana na watu wengi, kwa sababu ulikuwa mbishi.

Mungu ulimpenda kuliko siye, na hatukuona wivu. Tulipokuja Bunia kutoka Butembo, na vyombo vyetu vyote katika magunia mawili, tulipanga nyumba yenye mabati yaliyotoboka. Kila mvua Kavira alisogeza kitanda, na kila mvua ulimwambia parseli yetu, kiwanja chetu wenyewe, itakuja kwa saa yake. Ikaja mwaka wa tatu, tena kubwa kuliko tuliyoomba. Toka siku ile hukutaka kusikia habari ya haraka. Muntu akisema "upesi," ulimwangalia kama amekanyaga mguu wako.

Kwa hiyo uvimbe ulipokutokea chini ya tumbo, kwa kubeba magogo, ulivaa koti refu ukanyamaza. Ngiri. Kila fundi anaijua. Kavira aliuona ulipokuwa unaoga, akashika mlango wa bafu akakataa kutoka mpaka umwambie ilianza lini. Ukamwambia: "Mungu aliyenipa huu mwili iko na saa yake ya kuutengeneza." Ukamwomba taulo.

Hapa lazima tumtaje Yaya Léonie, dada yako mkubwa, maana naye yumo katika hili tangazo na hawezi kujificha. Yeye ndiye kiongozi wa chumba chetu cha maombi. Alisikia, akapanga mfungo wa siku ishirini na moja, watu kumi na mmoja pamoja nawe, kula ni jioni tu, na siku ya mwisho asubuhi Pasta anapaka mafuta. Unaijua sheria ya chumba chetu, uliisaidia kuitunga: mmoja akikatisha mfungo, wote wanarudi siku ya kwanza. Ndiyo maana hakuna anayekatisha. Kuna waliofunga na malaria.

Kavira alikatisha. Siku ya tisa alikukuta umejikunja kwenye vumbi la randa, akaita motari wa pikipiki bila kumuuliza muntu, akakupandisha, akapanda nyuma yako akikushika kama mtoto. Hopitali, munganga alikulaza, akausukuma ule uvimbe kwa mkono mpaka ukarudi ndani, jasho likimtoka yeye na weye. Akamwambia Kavira maneno ambayo Kavira ameyakumbuka moja kwa moja mpaka leo: "Mama, leo imekubali kurudi. Siku nyingine itakataa, na ikikataa muko na masaa tu." Akawapa randevu ya kupasuliwa siku ya Jumanne.

Jumanne ulikuwa umekaa chumbani na wenzako kumi, siku ya kwanza upya.

Watu walimchukia, Ézéchiel. Tusidanganyane hapa kaburini. Watu kumi walikuwa wamekaa na njaa siku tisa, na njaa yao yote mwanamke mmoja ameimwaga kwa kuita pikipiki. Mama mmoja alimwambia sokoni kwamba mwanawe alikuwa karibu kupata kazi katika mfungo ule. Na weye hukumtetea. Ulisema, mbele yetu, "Kavira ana imani, lakini ana miguu myepesi." Tukacheka. Yeye pia alicheka.

Mara ya pili alijaribu kwa akili. Siku ya kumi na nne alimleta muuguzi nyumbani, akamficha nyuma ya jikoni mpaka utoke kuoga. Ulimkuta kijana wa watu amesimama kwenye moshi na mfuko wake, anakohoa. Ulikataa kuguswa. Ungeweza kunyamaza, mfungo ulikuwa haujakatika kwa mtu kukohoa jikoni kwako. Lakini ulikwenda mwenyewe ukamwambia Yaya Léonie, kwa sababu ulikuwa muntu wa kweli, na Yaya Léonie akasema nia ya nyumba imekatika, basi mfungo umekatika. Wote wakarudi siku ya kwanza.

Ndipo tukamshughulikia Kavira.

Wamama waliacha kumsalimu. Akikaa kwenye benchi, benchi lile ulilolichonga weye, waliokaa walikumbuka ghafla kwamba wana jambo upande mwingine. Chumbani tuliomba juu ya roho ya haraka, tukaitaja kwa jina, tukamwangalia yeye. Mwisho Yaya Léonie alimwita mbele Jumatano moja mchana, wamama thelathini wamekaa, akamwekea mkono kichwani, na Kavira akasema alichoambiwa aseme: "Nilikuwa na haraka kuliko Bwana. Anisamehe. Sitamtangulia tena." Alirudia mara tatu, mpaka sauti ikatoka vizuri.

Na yeye mwenyewe ametuambia kitu ambacho hatukukitegemea. Alisema alipotoka pale mbele alisikia raha. Kwanza ile ya kusalimiwa, maana wamama walimkumbatia wote na mmoja akampa ndizi. Kisha raha nyingine kubwa zaidi. Miezi yote ile alikuwa anaamka anasikiliza pumzi yako, anahesabu hatua zako uani, anaangalia uso wako ukiinama. Sasa alijiambia, si kazi yangu. Mwenye kazi yupo. Alilala usingizi, Ézéchiel, wa kwanza tangu aone ule uvimbe. Tulimfundisha kungoja, naye alijifunza kuliko siye tuliomfundisha.

Ulikufa kwenye mfungo wa tatu. Siku ya ishirini na moja, asubuhi. Waombezi walifika na chupa ya mafuta wakakuta Kavira amekaa chini, kichwa chako magotini mwake, anakufuta mdomo. Ulikuwa umekwisha kupoa vidole.

Mazishi yako yalikuwa makubwa. Pasta alisema hukukimbilia mkono wa mwanadamu, ulingoja mkono wa Mungu, na Mungu ameunyoosha akakuchukua, saa yako imefika. Tulisema amina. Kavira alisema amina. Mafundi wenzako walikuchongea msalaba wa libuyu, iliyokauka vizuri, wala usiwe na wasiwasi, na juu yake wakaandika kwa patasi: ALIMNGOJA BWANA. Toka pale umekuwa ushuhuda. Wagonjwa wanaambiwa habari zako. Watu wa kanisa jingine wamekuja kuuona msalaba. Yaya Léonie ameitwa kuhubiri mara tatu juu ya ndugu yake aliyengoja mpaka mwisho, na anahubiri vizuri, watu wanalia.

Sasa tukuambie la Jumamosi iliyopita.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuondoa kilio, ya kumvua Kavira nguo nyeusi. Alikuwa ameivaa mwaka mzima bila kunung'unika, ile ile, anaifua jioni na kuivaa asubuhi ikiwa bado na unyevu. Ndugu yake Yves alikuwa amekuja kutoka Mahagi kumchukua, yeye na binti yenu Arlette. Huko Mahagi kuna mama mwenye chumba cha washonaji karibu na soko, alimwekea Kavira cherehani na nafasi ya kulala, na Arlette angemaliza shule kule. Nafasi ilikuwa mpaka Jumatatu. Unajua kwetu mjane mwenye nguo nyeusi hatoki katika parseli ya mume kwenda kukaa pengine. Basi kila kitu kilikuwa kinangojea nguo ile itoke. Mizigo yao ilikuwa imefungwa, imewekwa mlangoni, na Yves alikuwa ametafuta motari wawili.

Tulikaa uani, ndugu wote. Arlette alishika beseni la maji. Kikwembe kipya, cha bluu na maua ya njano, Yaya Léonie alikuwa amekiweka mapajani mwake, amekinunua mwenyewe. Tunataka ulijue hilo. Hakuwa na nia mbaya asubuhi ile.

Akauliza kama wazee wetu walivyouliza siku zote: "Kavira, kati yako na marehemu, kuko neno?"

Jibu ni moja, na kila mjane analijua tangu akiwa msichana. Anasema: hakuna neno. Anasema mara tatu, ananawa, anavaa. Hata wale waliopigwa na waume zao miaka ishirini wanasema hakuna neno, na wanavaa, na wanaenda zao. Ni mlango tu wa kutokea.

Kavira alisema, "Kuko."

Arlette akatazama maji ya beseni. Laurent akakohoa, akasema labda mulamu hakusikia ulizo.

"Nimesikia," Kavira akasema. "Kuko neno, na niko naomba nilitoe, kusudi nitoke hapa na mwili mwepesi."

Akasimulia, amesimama, mikono imening'inia. Hakulia. Afadhali angelia.

Alisema siku ya ishirini, saa nne asubuhi, alikuwa anatoka kisimani na ndoo. Akakukuta umeshika mlango. Ulikuwa umetapika kijani. Ukamwambia: "Kavira, ita motari. Tuende hopitali." Alidhani hakusikia vizuri, kwa sababu katika ndoa ya miaka kumi na tisa hukuwahi kumwambia neno kama hilo. Akatua ndoo. Ukarudia: "Ita motari. Hii imekataa kurudi."

Alisema mguu wake mmoja ulikwisha kugeuka kwenda barabarani. Anaukumbuka, ni wa kulia. Ndipo akaona wamama thelathini. Akaona watu kumi wakirudi siku ya kwanza mara ya nne, na mafuta ni kesho asubuhi, na yeye amesimama tena mbele, na safari hii hakuna ndizi. Lakini akasema tusidhani ni aibu tu iliyomzuia. Alisema aliamini. Aliamini kabisa kwamba shetani amekuja siku ya ishirini, kama anavyokuja siku zote siku moja kabla, na kwamba safari hii shetani anatumia mdomo wako, kwa sababu wa Kavira umekwisha kufungwa.

Akakwambia: "Papa Arlette, imebaki siku moja. Kesho Pasta anakupaka mafuta. Ngojea saa ya Bwana."

Alisema ulimwangalia. Halafu ukamuuliza, si kwa hasira, "Weye njo unasema vile, weye mwenyewe?"

Akajibu, "Mimi."

Ukaachilia mlango. Ukaenda kulala, ukageukia ukuta. Alisema saa nane ulimwita tena kwa jina, mara mbili, na yeye akaimba pambio ili asisikie. Saa kumi ulinyamaza, akamshukuru Mungu, akadhani umepumzika. Alfajiri akaona kucha zako zimekuwa bluu.

"Hakungoja Bwana," Kavira akasema. "Aliomba kwenda. Mimi njo nilimngojesha. Na mule kanisani munamsifu kwa kitu hakufanya, na mimi niko nakaa kwenye benchi yake nasikiliza. Siwezi tena. Munihukumu, munisamehe, yote mutafanya, lakini mujue."

Kuku alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza.

Ungedhani tungemlaumu kwa kukuua. Tulikuwa na haki hiyo. Ungedhani Laurent angesimama, au mmoja wetu angelia jina lako. Aliyesimama ni Yaya Léonie, na alichokasirikia ni kingine.

"Ndugu yangu alikufa akingoja," akasema. "Imeandikwa juu ya msalaba. Usimvue."

"Yaya, aliniomba motari."

"Alikuwa na homa. Muntu mwenye homa anasema kila kitu. Moyo wake ulikuwa unangoja."

"Hakukuwa na homa. Nilimgusa."

Yaya Léonie akashusha sauti, akamsogelea, akawa mpole. Tunasema mpole kwa sababu hatuna neno lingine. Akamwambia kuna wagonjwa wawili katika mfungo sasa hivi, mama mmoja mwenye uvimbe wa titi na mzee wa Lumumba, wanaokaa kwa nguvu ya jina la Ézéchiel peke yake. Je, anataka wakatishwe? Anataka kwenda kuwaambia kwamba hata yule alikimbia, basi nao wakimbie? Halafu akakunjua kikwembe cha bluu, akakishika wazi mbele ya Kavira kama muuzaji.

"Sema hakuna neno," akamwambia. "Mara tatu. Unawe, uvae hii, Yves iko anakungojea. Hakuna atakayekuuliza tena, mpaka kufa. Hayo mengine uliyosema siye hatukuyasikia."

Kavira alikitazama kikwembe. Alimtazama Arlette aliyeshika beseni. Alitazama mizigo pale mlangoni. Tulimwona anataka, Ézéchiel. Alisema baadaye kwamba yale maneno mawili yalifika ulimini.

"Kuko neno," akasema.

Yaya Léonie akakunja kikwembe, pembe kwa pembe, polepole, akakaa, akakirudisha mapajani. Akamwambia Arlette amwage maji. Mtoto akamwaga hapo hapo, miguuni mwake mwenyewe.

Yves alijaribu kusema. Alisema kwao wanajua sheria lakini sheria gani hii inayomfunga muntu kwa sababu amesema kweli. Tukamwambia yeye ni mgeni hapa, na nguo nyeusi ni ya nyumba ya Katsuva. Akasema atamchukua Arlette. Tukamwambia mtoto ni wa Katsuva vilevile, hatoki bila mama yake kutoka. Alikaa mpaka jua likainama. Halafu akapanda pikipiki moja, ya pili ikarudi tupu, na mizigo ikabaki mlangoni mpaka Kavira alipoirudisha ndani mwenyewe, gunia moja moja.

Kabla hajaingia alimgeukia Yaya Léonie. "Hii nguo nitaitoa lini?"

"Bwana atasema," Yaya Léonie akajibu. "Saa haiyafika."

Kavira akaitika kwa kichwa. Alikwisha kufundishwa.

Sasa sehemu iliyobaki, Ézéchiel. Hii hata kwa Kavira hatutaisema, na ndiyo sababu leo tumemwacha na chungu.

Alipoingia ndani, tulibaki watatu juu ya benchi, Yaya Léonie, Laurent na mke wake Adèle. Laurent alikuwa anavunjavunja kijiti. Akasema, bila kutuangalia, kwamba siku ile ya ishirini ulimpigia simu saa sita mchana. Ulimwambia: "Ndogo yangu, njoo na pikipiki, hii imekataa kurudi." Yeye akakujibu: "Kaza moyo, mukubwa wangu, kesho ni kesho," akakata, kwa sababu alikuwa mmoja wa wale kumi, na tumbo lake lilikuwa limeshikana na mgongo, na hakutaka siku ya kwanza mara ya nne.

Adèle akaweka mkono mdomoni. Yaya Léonie akasema, naye, kwamba saa saba alipita uani kukuombea. Alikukuta peke yako, Kavira alikuwa amekwenda kuchota maji tena. Ulimshika mkono. Ulimwambia: "Yaya, weye njo mukubwa, ukisema niende bataniacha niende. Sema." Akapiga magoti, akaomba dakika chache, akautoa mkono wake katika wako kidole kwa kidole, akaenda. Hakumwambia Kavira kwamba amekuja. Alisema ulikuwa unamwita mpaka alipofika barabarani.

Kwa hiyo uliomba kwa watatu, na Kavira alikuwa wa kwanza tu. Mwaka wote ule kila mmoja wetu aliamini uliomba kwake peke yake, na kila mmoja alisema amina pale mazishini kwa sauti kubwa kuliko jirani yake.

Laurent akauliza kama tumwite Kavira tumwambie. Angelala, akasema, kama angejua si yeye peke yake.

Tukafikiri. Tunakuapia tulifikiri. Ndani alisikika anasukuma gunia chini ya kitanda. Kisha Yaya Léonie akasema kwamba wagonjwa wale wawili bado wako kwenye mfungo, na msalaba umekwisha kuandikwa, na Kavira amekwisha kujibebesha mwenyewe, hakuna aliyemtwika. Akisema huko nje, nani atamsadiki? Mjane wa miguu myepesi. Lakini tukisema siye watatu, watasadiki. Laurent akatupa kijiti. Adèle akasema chakula kinapoa. Tukaenda kula, naye Kavira akatupakulia.

Basi weye uliyependa kweli, hii ni kweli yote, na umeipata kutoka kwetu, wala si kwa Pasta. Hatukuombi utusamehe. Hatujui kama uko mahali pa kusamehe, au umekaa tu hapo chini bado unangoja motari.

Wanaokukumbuka: dada yako mkubwa Léonie, aliyekushika mkono, ndugu yako Laurent, aliyepokea simu, na mke wake Adèle, anayejua sasa, binti yako Arlette, mabenchi kumi na manne na wote wanaoyakalia, na mjane wako Kavira, aliye katika nguo nyeusi, ambaye anadhani ni yeye peke yake aliyekusikia.

Hatutakusahau, Ézéchiel. Tulikusikia wote.